Akitulia Mkononi, Hajakuzoea

Toleo lililopita nilieleza habari za chatu aliyekutwa ndani ya kalavati kule Mabokweni. Tangu hapo barua zimenijia nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo lile lile: nyoka wa porini akishikwa na mtu, anafanya nini, na anafanya kwa nini? Basi nafasi yote ya leo naiweka hapo. Kwa mnaosoma safu hii mara ya kwanza, mimi nilikuwa mnyapara katika shamba la mkonge upande wa Muheza kwa miaka 19, kisha nikawabebea mizigo na mifuko watafiti wa nyoka katika msitu wa Amani, na mpaka leo watu wa hapa Tanga hunigongea mlango usiku wakiona nyoka ameingia ndani.

Shikamoo Mzee. Mimi ni dereva wa bodaboda, naishi Pongwe. Mwezi uliopita nilimkuta nyoka wa kahawia kwenye banda la kuku la mama, ana mistari myeupe miwili kila upande wa kichwa, urefu kama mkono wangu. Nikamkamata kwa mkono mtupu. Akanimwagia uchafu wa kunuka, akaniuma kidole gumba, akajinyonganyonga. Baada ya kama dakika kumi akatulia kabisa, akajizungusha kiganjani. Usiku nikamweka kwenye ndoo yenye kifuniko cha matundu. Asubuhi nikakuta ametapika panya. Nilimwachia pale pale nyuma ya nyumba, ila wenzangu wa kijiweni wananilaumu, wanasema alikuwa ameshanizoea na ningemfuga. Ni kweli alinizoea?

Marahaba, mwanangu. Hapana, hakukuzoea. Nashukuru umeeleza kila kitu kwa mpangilio wake, kwa sababu jibu lote limo ndani ya barua yako.

Kwanza, huyo ni nyoka wa nyumbani, hana sumu, anakula panya na mijusi, na hutembea usiku. Ulibahatika kuwa ni yeye. Ulimshika kabla ya kumjua, na hilo nakuomba usilirudie, maana kwenye banda la kuku anaweza kuingia swila vilevile.

Sasa tumfuate huyo nyoka tangu ulipomgusa. Kiumbe cha uzito wake akinyanyuliwa kutoka ardhini, katika maisha yake yote kuna maana moja tu: ameshikwa na anayetaka kumla. Nguchiro humshika hivyo, mwewe humshika hivyo, paka hivyo hivyo. Hana namna ya kujua kwamba wewe ni mtu mwenye nia nzuri. Jambo la kwanza alilotaka ni kukimbia, nawe ukamzuia. La pili ni ule uchafu. Chini ya mkia, nyuma ya tundu la haja, nyoka ana tezi mbili zenye majimaji mazito ya kunuka, na akibanwa huyakamua pamoja na kinyesi, kisha anajinyonga ili akupake mwili mzima. Nimepakwa mara nyingi mno. Harufu ile hukaa kwenye kucha hata ukinawa na limau. Kazi yake ni kumfanya mnyama aliyemshika aone kinyaa na kumtema. Kuuma kulikuja baada ya hayo mawili kushindikana, tena aliuma akaachia.

Halafu akatulia. Hapa ndipo wenzako walipokosea, na wamekosea wengi kabla yao. Misuli ya nyoka ina nguvu kubwa ya ghafla, lakini ni nguvu isiyosubiri hewa. Anajinyonga, anasukuma, anavuta, na ndani ya dakika chache akiba ile imekwisha. Itamchukua saa kadhaa kuirudisha. Dakika kumi ulizozihesabu ndizo dakika za kuishiwa. Ongeza kwamba mkono wako ulikuwa na joto, na mwili wa nyoka hulifuata joto apende asipende. Ongeza pia kwamba wanyama wengi wakiona mbio na vita vimeshindikana hubaki kimya wakingoja mshikaji alegeze. Nilipokuwa Amani niliwaona mara kwa mara: nyoka amelala kwenye viganja vya mtafiti kama kamba iliyolowa, mtafiti akilegeza vidole ili aandike kwenye daftari, nyoka yuko majanini.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko kwenye ndoo yako. Nyoka hatapiki chakula ovyo. Panya mmoja kwake ni riziki ya wiki nzima au zaidi. Akimtapika, maana yake mwili umeamua kuutua mzigo ili awe mwepesi wa kukimbia. Alitapika usiku, saa nyingi baada ya wewe kumwona ametulia, kwa hiyo usiku kucha mle ndani ya ndoo hofu ilikuwa haijamtoka. Watafiti wamepima damu za nyoka waliokamatwa na kukuta homoni ya msongo imepanda, wakati kwa macho mnyama anaonekana amepoa tu.

Kumwachia pale pale nyuma ya nyumba ndilo jambo zuri ulilolifanya. Usijute. Na hao wa kijiweni waambie kwamba kumweka mnyama wa porini ndani bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009.

Mzee, mimi ni mkulima wa machungwa, Muheza. Miaka yote nasikia nyoka anamkimbia binadamu. Mbona moma hakimbii? Nimewahi kumpita karibu kabisa, amelala tu. Au yeye ndiye mwenye roho mbaya kuliko wote?

Dada yangu, katika mistari ya mkonge hakuna nyoka niliyemheshimu kama moma, ambaye bara wanamwita kifutu. Nimewaona watu walioumwa naye, na namkumbuka mkataji mmoja aliyepoteza mguu chini ya goti. Kwa hiyo sikupi jibu hili ili umdharau.

Moma hakimbii kwa sababu maisha yake yote yamejengwa juu ya kutoonekana. Ni mnene, mzito, mwendo wake wa kujikokota. Akikimbia atakamatwa. Kwa hiyo analala chini ya majani makavu, rangi yake na ya majani ni moja, na anasubiri panya apite. Mwaka 2015 watafiti wa Afrika Kusini walitoa matokeo ya jambo la ajabu: waliwafunza mbwa na nguchiro wadogo wa huko kutafuta kwa pua harufu za nyoka mbalimbali, na hao wanyama wakawatambua nyoka wengine vizuri, ila harufu ya moma hai iliwapita. Yaani hata mbwa hamnusi. Sasa fikiria wewe unakuja na gumboti zako. Kwa moma, kubaki kimya ndiyo njia salama, na mara nyingi inafanikiwa. Siku uliyompita ukamwona, jua kuna siku nyingine nyingi ulizompita hukumwona, naye akakuacha uende zako.

Tatizo linakuja mguu unapomshukia au mkono unapoingia kwenye majani kuokota chungwa. Hapo kimya hakifai tena. Anavuta pumzi mwili unavimba, anaitoa kwa sauti nzito kama pampu ya baiskeli, shingo inarudi nyuma ikiwa imepinda kama herufi S. Ukiisikia sauti ile, simama kwanza. Tazama iko wapi. Kisha rudi ulikotoka. Watu wengi huruka bila kutazama wakamrukia yeye mwenyewe.

Angalia na baridi. Asubuhi za Juni na Julai kule Amani nyoka hana joto la kumwezesha kukimbia, hivyo hata yule ambaye mchana angetoweka, asubuhi hubaki na kujitetea palepale. Okota machungwa kwa fimbo kwanza, ukiyasukuma kutoka kwenye majani, ndipo uiname.

Na kuhusu roho mbaya. Kuna nyoka wa mabwawani kusini mwa Marekani, mwenye sumu, anayesifika kwa ukali kama sisi tunavyomsifia koboko. Watafiti wawili, Gibbons na Dorcas, walichapisha mwaka 2002 walichokiona: waliwaendea nyoka hao porini, wakasimama kando yao, wakawakanyaga kwa buti, kisha wakawanyanyua kwa chombo chenye mkono wa bandia. Nusu ya nyoka 45 waliojaribiwa walitafuta njia ya kukimbia. Wengi walitisha tu, kwa kuachama kinywa na kutikisa mkia. Walioung'ata ule mkono wa bandia walikuwa asilimia 36. Hawa ni nyoka walionyanyuliwa kwa nguvu, na bado zaidi ya nusu hawakuuma. Hesabu hiyo ni ya nyoka wa Marekani, usiipeleke kwa moma wako. Ila inakuonyesha kuuma huja mahali gani kwenye foleni.

Babu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Chumbageni. Kwenye televisheni naona wataalamu wanamshika nyoka nyuma ya kichwa ili asiume. Je, ndiyo njia sahihi? Napenda sana nyoka na nataka kujifunza.

Marahaba, mjukuu wangu. Kwanza nakuombea upate nafasi ya kusoma jambo hili, maana nchi hii ina nyoka wengi na watu wachache wanaowajua. Lakini mikono yako iweke mfukoni kwa sasa.

Kumshika nyuma ya kichwa ni njia ya mwisho, hutumika kunapokuwa na sababu kama kukamua sumu au kutibu jeraha. Kwa nyoka, shingo ndipo mahali anapouawa. Akikazwa pale anaamini ndiyo mwisho, anatumia nguvu zake zote, na nimewaona wakijipinda mpaka shingo ikateguka kwenye vidole vya mtu. Hiyo ilikuwa mwaka wangu wa kwanza Amani, kijana mgeni alimkaza nyoka mdogo wa kijani asiye na sumu kwa sababu alikuwa anaogopa. Akamuua bila kukusudia. Mtafiti mkuu hakumgombeza. Alimkabidhi yule nyoka akamwambia amkande kwa kidole kuanzia kichwani hadi mkiani, ahisi pale palipolegea. Na mimi nikapewa nihisi. Ni mifupa midogo kama punje za mchele, na katikati ya shingo palikuwa na nafasi.

Na kuna nyoka ambaye njia hiyo haifai kabisa. Huku kwetu mvua za masika zikinyesha usiku hutoka ardhini nyoka mfupi mweusi, mwembamba kama kidole, kichwa hakina tofauti na shingo, macho madogo sana. Wengi humwona kama mnyoo mkubwa. Meno yake ya sumu ni marefu na hutokea pembeni ya mdomo bila yeye kufungua kinywa. Ukimshika nyuma ya kichwa, anageuza kichwa kidogo tu na kukuchoma kidole kwa kurudi nyuma. Hapana namna salama ya kumshika kwa vidole, hata wenye uzoefu wameumwa. Maumivu yake ni makali, kidole huvimba na nyama inaweza kuoza, na hana dawa ya kuzuia sumu iliyotengenezwa kwa ajili yake. Nimemweleza kirefu kwa sababu watoto humwokota.

Na mkia pia usiushike. Wale nyoka wembamba wenye mistari wanaokimbia majanini kama mshale, ukiwashika mkia huzungusha mwili kwa kasi mpaka mkia unakatika, nao wanaondoka. Mjusi mkia wake humwotea tena, ila wao hauoti.

Wapo waliojua kushika. Zamani kusini, Liwale na Newala, aliishi Mwingereza Ionides, bwana nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, ambaye watu walimwita Bwana Nyoka. Alifariki mwaka 1968. Kuna yule moma mkubwa wa msituni, mwenye madoa kama zulia. Ionides alieleza kwamba kwanza humgusa utosini taratibu kwa koleo ili aone amekasirika au la. Akiona ametulia huweka koleo chini, humshika shingo kwa mkono mmoja na kuubeba mwili wote kwa mkono wa pili, na nyoka karibu hakujitikisa. Sababu ya kukueleza ni ule mkono wa pili. Nyoka anayening'inia anaona anaanguka. Aliyebebwa mwili mzima hofu yake hupungua. Pamoja na ujuzi wote huo, Ionides aliumwa mara kadhaa katika maisha yake. Wewe anza na macho na daftari: andika umemwona wapi, saa ngapi, alikuwa anafanya nini, na alifanya nini alipokuona.

Kaka, siku ya maonyesho niliwaona wacheza ngoma wa Kisukuma na chatu shingoni. Chatu ametulia kabisa, watoto wanampapasa. Hao wana dawa au wamemng'oa meno? — Msomaji, Duga

Wasukuma wana chama cha jadi cha wacheza nyoka, Bayeye, na ujuzi wao ni wa vizazi. Dawa zao sizijui na sitazisemea. Ninachokijua ni chatu.

Chatu hana sumu. Ana meno mengi yaliyoelekea nyuma, akiuma usivute, utajichana. Aliyeshikwa leo porini atauma, atajizungusha na kubana, na akiwa na mita tatu usimwendee peke yako. Lakini anayeshikwa kila wiki kwa miezi, kwa mikono ile ile isiyomkaza, hofu yake inapungua. Kupungua huko ni kweli, na hatukosei tukikuita kuzoea, mradi tusidhani anampenda mtu kama mbwa anavyompenda mwenye nyumba. Ni kwamba mikono hiyo imekuja mara nyingi na hajaliwa.

Siku nyingine utazame shingo yake. Kama imelegea juu ya bega la mchezaji, na ulimi unatoka polepole ukirudi, yuko sawa. Ulimi ukikoma, mwili ukawa mgumu kama bomba la maji lililojaa, kichwa kikirudi nyuma taratibu, mtoe mtoto wako pale. Ngozi ya jicho ikiwa na ukungu wa bluu, anakaribia kujivua gamba, haoni vizuri, na siku hizo hata aliyezoea hapaswi kushikwa.

Mzee wangu, tukishamkamata nyoka, tumpeleke wapi? Sisi huwa tunamtia kwenye kiroba na kumpeleka mbali sana ili asirudi kulipiza. — Mama wa Kiomoni

Mama, swali lako limenigusa mahali penye kidonda. Miaka mingi iliyopita, mwezi wa Februari, niliitwa kumtoa chatu kwenye bohari la mkonge. Alikuwa mzuri, ngozi imemeta kama imepakwa mafuta. Nikamtia kwenye salfeti, nikafunga mdomo kwa kamba ya katani, tukamweka nyuma ya pikapu. Dereva alisimama njiani kupakia mizigo, nami nikaenda kunywa chai. Nusu saa. Niliporudi kiroba kilikuwa na moto kukigusa, na ndani alikuwa amekufa kinywa wazi. Nyoka hatoi jasho, hawezi kujipoza isipokuwa kwa kuhama kivulini, na mimi nilimnyang'anya kivuli. Nimemkumbuka kila Februari tangu siku hiyo. Mfuko uwe wa kitambaa kinachopitisha hewa, kama foronya ya zamani, uwe kivulini muda wote, na safari iwe fupi.

Na mbali sana msimpeleke. Nyoka anajua mashimo yake, maji yake na njia zake. Nyoka wenye njuga wa Marekani waliohamishwa mbali walifuatiliwa, wakaonekana wanatangatanga mno, na waliokufa walikuwa wengi kuliko wenyeji wa pale. Mita mia chache, kwenye kichaka chenye magogo au mawe, zinatosha kwa asiye na sumu. Mwenye sumu au usiyemjua usimkamate kabisa. Mwangalie kwa mbali amekwenda wapi, watoe watoto na kuku, mwite anayejua au ofisi ya maliasili ya wilaya. Akimwuma mtu, msifunge kamba, msichanje, msipoteze saa na jiwe la nyoka; kiungo kisitikiswe, mgonjwa abebwe, hospitali moja kwa moja. Swila akitema machoni, maji mengi safi palepale, kisha hospitali.

Kulipiza kisasi hakuna. Akirudi, amefuata panya, na panya wamefuata pumba za kuku. Weka pumba kwenye debe lenye kifuniko, zungusha banda wavu wenye matundu ambayo kidole chako kidogo hakipiti, uufukie chini kiasi cha shubiri moja, na mayai yaokotwe kabla ya magharibi.